Vigae vya Mzee Kostas

Jicho moja jeusi lilinitazama kutoka kwenye kigae, nami nikalitwanga kwa jiwe. Ndiyo, mimi Sella, kwa mkono wangu huu. Nani angenilaumu? Sisi wafinyanzi hatutupi vigae. Tunavisaga, tunavichanganya na udongo, ili chungu kipya kisipasuke motoni. Majirani zangu wote wa mtaa wa Kongo, hapa Kawangware, Nairobi, wanalijua hilo. Chungu kikivunjika, vipande huachwa mlangoni pangu bila hata hodi.

Kwa hiyo mchana ule, niliporudi mtoni na kukuta kisanduku cha vigae kizingitini, nilimshukuru Mungu. Vilikuwa vyembamba, vigumu ajabu, vimechorwa watu weusi wenye vikombe mikononi. Nikavisaga vyote. Kufikia jioni nilikuwa nimefinyanga chungu kikubwa cha kunywea busaa, pombe yetu ya nafaka, tumbo lake la kupendeza.

Mume wangu, Murunga, akarudi kazini.

"Mama Wepukhulu, nilipita na kisanduku nikakukosa. Umekiona?"

"Kazi nimeshaimaliza," nikamjibu kwa madaha, nikamwonyesha chungu.

Akaanguka kitako.

"Mama yangu! Vile ni vya mzee!"

Mzee ni Kostas, Mgiriki wa mtaa wa Lavington, ambaye Murunga amemtunzia bustani miaka kumi na mmoja. Vigae vilikuwa vya chungu ambacho watu wa kwao walichanganyia mvinyo na maji, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Alikuwa amenitumia mimi, kwa kuwa ni fundi, niviunganishe.

"Atasema nimeviiba," Murunga akanong'ona. "Nani ataamini kwamba mke wangu amevisaga? Nitafungwa, Sella."

Usingizi hatukuupata. Asubuhi, kabla hatujakubaliana la kusema, mzee akatokea mwenyewe uani, anatabasamu, kopo la gundi mkononi.

"Mzee, nimevisaga," nikasema. Ningesema nini tena?

Akacheka, akidhani namtania. Nikamwonyesha jiwe, vumbi jeusi bado limeganda juu yake. Kicheko kikakatika.

Nilijiandaa kwa matusi; hata pingu nilikuwa nimeshaziona. Lo! Mzungu mzima akapiga magoti kwenye tope, akaegemeza shavu kwenye chungu kibichi, akalia kwa sauti. Murunga akatoa ufunguo wa geti la mzee na kumnyooshea. Mzee akavifumba vidole vya Murunga juu ya ufunguo ule ule.

"Baba yangu alivifungia sandukuni maisha yake yote," akasema. "Mimi pia. Hakuna kati yetu aliyewahi kunywa kitu humo; hiki chako kitanywewa." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Utakichoma lini?"

"Jumamosi ijayo, kikikauka vizuri."

"Nitakuja."

Hapo ndipo hofu iliponishika kwelikweli. Nimechoma vyungu tangu usichana wangu, na najua moto haumjali mtu.

"Na kikipasuka, mzee?"

Akasimama, akapangusa tope magotini.

"Basi, mama," akasema, "safari hii niite kwanza, kabla hujasaga."