Injini ya Kwenda Namanyere

Landrova ilitoa mlio wa chuma kinachosagwa, ikazimika kabla haijaumaliza mteremko wa sokoni. Mama Oswaldi, aliyekuwa ameketi mbele tayari kwa safari ya Mpui, alimgeukia dereva wake.

"Shija, umefanya nini?"

"Mama, mimi nimewasha tu. Tumesukumwa, ikawaka, basi."

Hawajashuka bado, fundi Rafaeli akatokea mbio kutoka gereji, debe la oili ya moto mkononi, mvuke ukimpanda usoni. Alipoona gari limesimama, aliliweka debe chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akatoa mfukoni kifuniko cha oili.

"Shija hana kosa," alisema. "Ni mimi."

Baridi ya mwezi wa saba Sumbawanga hugandisha oili, kwa hiyo Rafaeli huimwaga jioni, na alfajiri huipasha kwenye jiko la mkaa kabla ya kuirudisha. Kifuniko hukifunga kwenye usukani, na dereva akikiona hagusi ufunguo. Lakini jana kengele ya mazoezi ya kwaya ilimkuta bado yuko chini ya gari. Aliondoka mbio, kifuniko mfukoni, akaimba besi hadi mwisho bila kukumbuka. Asubuhi Shija hakuona kitu kwenye usukani, akawasha injini isiyo na oili.

"Angalau uliimba vizuri?" Shija alimuuliza kwa uchungu. "Maana injini nayo imeimba."

Mama Oswaldi hakupiga kelele. Gari lile alilinunua baada ya kumzika mumewe, kwa ng'ombe wa kulimia na ulezi wote wa ghalani, pale biashara ya mahindi ilipoachiwa huru na kila mwenye magurudumu akageuka mfanyabiashara. Wakulima wa Mpui walikuwa wamemwekea mahindi kwa ahadi ya mdomo tu. Asipofika wiki hii, malori ya wageni yatayabeba, na mwakani nani atamwekea tena?

Walilisukuma gari hadi gereji. Rafaeli alifungua injini, akaichunguza.

"Vyuma vya ndani vimelana, mama. Injini nyingine ni mpaka Mbeya, na bei yake inazidi gari lenyewe."

"Kwa hiyo?"

Rafaeli alimwongoza nyuma ya gereji, akafunua turubai. Chini yake palikuwa na landrova isiyo na magurudumu wala milango, lakini injini yake iling'aa. Mji mzima ulijua kwamba Rafaeli anaunga gari, kipande kwa kipande, apakie abiria wa Namanyere.

"Chukua hii," alisema. "Keshokutwa utakuwa Mpui."

"Na wewe?"

"Mimi nitaanza upya."

Mama Oswaldi alipitisha kidole juu ya injini. Hakikushika hata vumbi. Ndivyo alivyokuwa akiifuta landrova yake mwenyewe, kila jioni, hata siku ambazo haikutoka. Alijikuta anamwonea huruma mtu aliyepaswa kumlipa yeye, na hilo likamuudhi zaidi.

"Nina hasira na wewe, Rafaeli. Usidhani zimeisha."

"Najua, mama."

"Injini nitaichukua, lakini siichukui bure. Msimu huu gari ni la mahindi, wala usiniombe hata lifti. Mahindi yakiisha, kila Ijumaa na Jumamosi ni lako. Pakia watu wako wa Namanyere mpaka upate injini nyingine."

"Sasa mimi dereva nitakuwa wa nani?" Shija aliuliza.

"Wa yule aliyekasirika zaidi siku hiyo."

Rafaeli alicheka huku akifuta macho kwa mkono wenye grisi, akajipaka weusi shavuni. Akatupa mnyororo juu ya boriti, akaufunga kwenye injini yake. Mama Oswaldi alikunja mikono ya sweta, akaushika mnyororo nyuma ya Shija.

"Vuteni polepole," alisema Rafaeli, na injini ikaanza kunyanyuka.