Moshi wa Bondeni

Kifuniko cha sufuria kilianza kutetemeka kabla jogoo hajawika. Navalayo alikisogeza kidogo, mvuke utoke, akatia chumvi kwenye maji. Maji hayo yalikuwa ya kuoshea mguu wa mzee Barnaba. Kidonda kilikuwa kimekula nyama chini ya goti, na kila asubuhi yeye na Jescah walikwenda kukiosha na kukifunga kwa kitambaa kilichoanikwa juani.

Hawakutumwa na mtu. Walikuwa wanawake wazee wa makanisa mawili, waliozoeana zamani wakipalilia mahindi ya Mzungu. Mzungu alipouza shamba akaenda kwao, nyumba za vibarua zilibaki na wazee wasio na watoto karibu. Hao ndio Navalayo na Jescah waliowatembelea. Kukipambazuka walitoka nje kuangalia mapaa. Penye moshi, mtu ameamka salama. Pasipo moshi, huyo aendewe kwanza.

Asubuhi hiyo paa la Teresa, upande wa juu, halikuwa na moshi. Lakini kule bondeni, kwa Barnaba, moshi ulipanda mzito na mweupe. Wiki nzima Barnaba alikuwa akiwashiwa moto na Jescah.

"Jescah! Njoo uone. Mzee amejiwashia mwenyewe!" Navalayo aliita.

Jescah alikuja akichechemea, akatazama, akacheka. "Kweli, Mama Nabwire. Leo atatudai chai."

"Chai tu? Akipona huyo atadai na mke."

Basi walipitia kwa Teresa kwanza. Alikuwa na homa, na kuni zilikuwa zimemwishia. Walimpangusa kwa sehemu ya yale maji ya moto, wakamwokotea kuni, wakamkorogea uji. Teresa alikunywa polepole sana. Hawakumharakisha.

Jua lilikuwa limepanda walipofika bondeni. Nyumba haikuwepo. Kuta zilisimama nyeusi, nyasi za paa zimeangukia ndani, bado zinafuka. Barnaba alikuwa amekaa kitandani, na kitanda kilikuwa nje, katikati ya mabua ya mahindi. Majivu yalikuwa yameshika kwenye kidonda.

"Nilijua mtachelewa," alisema. "Moshi ulikuwa mwingi."

Navalayo aliweka chini sufuria ya maji.

Kando ya trekta alisimama Phineas, karani wa mjini Kakamega, ambaye sasa ndiye mwenye shamba la bondeni. Viatu vyake viling'aa. Aliwasalimu vizuri.

"Kina mama, msikasirike. Kitanda nimemtolea mimi mwenyewe kabla ya kuchoma. Hata chungu chake nimekitoa."

"Ile nyumba aliijenga kwa mikono yake," Jescah alisema. "Alikuwa akiongoza maksai wa Mzungu."

"Aliijenga kwenye shamba la mtu. Wakati ule la Mzungu, sasa langu. Mvua inakaribia, mama. Trekta haiwezi kulima ikizunguka mzee mmoja."

"Kwa nini hakupewa hata kipande?" Jescah aliuliza.

"Mashamba haya serikali iliyagawa kwa mkopo. Walitafutwa watu wenye nguvu ya kulipa. Huyu atalipa na nini, na mguu huo?" Alicheka kidogo, akingoja nao wacheke. "Sasa tuna serikali yetu. Chifu amempatia nafasi Matete, kwenye lile ghala la zamani. Kuna wazee wengine pale. Wataangaliwa."

"Na nani?" Navalayo aliuliza.

"Na serikali."

"Huyo atakayemwosha kidonda anaitwa nani?"

Phineas alitazama saa yake. "Mama, mimi niko na kazi ofisini."

Navalayo alipiga magoti. Maji yaliyobaki yalikuwa machache, na yalikuwa yamepoa. Aliyamwaga kidogo kidogo, majivu yakatoka na damu. Barnaba alikaza macho kwenye zile kuta. Dereva wa trekta, kijana aliyeitwa Mukhwana, alivua koti lake, akalikunja, akaliweka kwenye trela mahali pa kulaza mguu. Walimbeba pamoja. Phineas aliwafungulia mlango wa trela.

Matete ilikuwa ng'ambo ya kilima. Goti la Jescah lilikuwa bovu, na Navalayo hata kufika kwa Teresa ilimbidi apumzike njiani. Barnaba alijua hayo yote.

Trekta ilinguruma. Barnaba aliinua mkono, na Mukhwana akangoja.

"Mama Nabwire."

"Niko."

"Wanasema kule ghalani hawaruhusu moto. Hamtakuwa mnaonanga moshi wangu."

Navalayo alishika ukingo wa trela. Chuma kilikuwa kikitetemeka.

"Lakini mje," Barnaba alisema. "Hata kama hamjaona kitu. Mtakuja tena kuniona?"