Dakika Arobaini za Usaili

Katika chuo kimoja cha ufundi mjini Iloilo, Mwalimu Erlinda Magbanua alifundisha somo lisilo na nyundo wala bisibisi: kusalimia, kusikiliza, kutunza muda, kuzuia hasira, kujieleza mbele ya mwajiri. Wanafunzi walilitania, wakaliita somo la kutabasamu. Renante hakulitania. Alikuwa kijana wa miaka ishirini ambaye hata akiulizwa jina lake, sauti ilimkauka.

Mwaka mzima Erlinda alimng'ang'ania. Nyumbani nako mama yake, Pilar, mfua nguo aliyekuwa akiugua figo, alijifunga taulo shingoni kama tai, akajifanya meneja.

"Kwa nini tukuajiri wewe?"

"Kwa sababu... mama, mimi..."

"Mama yako nani? Mimi bosi hapa! Anza upya!"

Wakacheka mpaka Pilar akaishiwa pumzi.

Siku ya usaili, kwenye hoteli kubwa karibu na mto, Erlinda alimsindikiza na kumshikia simu. Kijana alikuwa anafuata kuingia simu ilipoita. Erlinda akasogea kwenye ngazi, akapokea. Alikuwa Nenita, shangazi yake Renante, akipiga kutoka hospitali alikolazwa Pilar.

"Nipe Renante. Wifi yangu kazidiwa, anamtaja yeye tu."

Erlinda alimtazama kijana pale kwenye benchi, midomo ikimcheza, anarudia majibu yake. Hospitali ilikuwa mwendo wa robo saa tu. Lakini walioitwa ni sitini, wanaotakiwa ni watatu, na anayekosa zamu yake haitwi tena.

"Anaingia sasa hivi," akasema. "Akitoka tu namleta mwenyewe."

"Mwalimu, sijui kama..."

"Muda mfupi tu, dada."

Mlango ukafunguliwa. Renante akaitwa.

Alitoka baada ya dakika arobaini, uso unang'aa. "Madam! Sikukwama hata mara moja! Nipe simu nimwambie mama."

"Twende hospitali kwanza," Erlinda akasema. "Mama kazidiwa."

Walipofika, Pilar alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Ametuacha sasa hivi tu," Nenita akasema huku analia.

"Mbona hamkunipigia?"

Shangazi akamgeukia mwalimu.

"Alipiga kabla hujaingia," Erlinda akasema. "Mimi ndiye niliyekuficha."

Alingoja matusi, hata kofi. Renante akavuta pumzi ndefu, akanyoosha mabega. "Asante kwa kunieleza ukweli, Madam," akasema kwa sauti tulivu. "Naomba utuache na mama."

Ni mwalimu mwenyewe aliyemfundisha hivyo: hasira ikipanda, vuta pumzi, shukuru, kisha sema unachohitaji. Erlinda akatoka, akakaa kwenye ngazi za hospitali, akalia mbele za watu.

Msibani alikwenda, akaketi nyuma. Renante alikuwa akiwapitishia wageni kahawa na biskuti.

"Angalau kazi umepata," jirani mmoja akamwambia. "Mama yako angefurahi."

"Angefurahi, ndiyo," Renante akajibu. "Lakini alikuwa ananiita."

Jirani akainamia kikombe chake.

Baada ya maziko Renante alianza kazi hotelini. Siku ya kugawa vyeti hakuja. Cha kwake alikichukua shangazi. Erlinda aliendelea kufundisha, ila kuwasindikiza wanafunzi kwenye usaili aliwaachia wenzake. Mkuu wa chuo alipomuuliza sababu, alisema magoti yanamsumbua.