Jaketi la Jumanne na Ijumaa

Jacklyne Aloo alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine zilikuwa za kupumzika kutokana na safari iliyopita na kujikusanya kwa ajili ya inayokuja. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi mwaka mmoja na nusu nyuma, na tangu hapo yeye na mumewe, Tobias Okinyi, karani mstaafu wa reli, walitoka nyumbani kwao Buruburu saa kumi na mbili asubuhi kwenda hospitalini, wakarudi alasiri wakiwa wamechoka wote wawili, yeye kwa kulala kitandani na mume kwa kukaa kwenye benchi.

Mashine ya kusafisha damu humtia mtu baridi. Damu hutoka, huzunguka kwenye mipira, hurudi mwilini imepoa. Masika yalipoanza, baridi ya nje ikaungana na ya ndani, na Jacklyne akawa anatetemeka hata kwenye usingizi. Nguo yake ya hospitali ilikuwa sweta kuukuu la Tobias, mkono wa kushoto umekatwa kwenye kiwiko. Madaktari walikuwa wameunganisha mishipa miwili kwenye mkono huo ili sindano nene za mashine zipate pa kuingilia, na haukutakiwa kubanwa na kitu chochote, si saa, si bangili, si lastiki. Juu ya sweta alijitanda leso mbili, na juu ya leso akavaa koti la mvua la plastiki, lile linalokaa kama mfuko.

Hakupenda kujitazama. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi mapokezi katika kiwanda kimoja cha rangi kule Industrial Area, na watu waliokuja pale walijua kwamba kiatu chake na mkoba wake haviwezi kugombana.

Jumanne moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Watu walipanga foleni ya kujiandikisha chini ya kibaraza kinachovuja, na mwanamke mmoja aliyemshika mtoto mwenye homa akamgusa Jacklyne begani.

"Shosho, nisongee kidogo, mtoto analowa."

Jacklyne aligeuka. Alikuwa Roselyda, waliyekaa naye meza jirani pale kiwandani miaka sita, wakagawana chai na umbea. Roselyda alimwangalia usoni, akangoja apewe nafasi, wala hakumtambua. Jacklyne alisonga. Siku nzima, akiwa amelala kwenye mashine, alirudia lile neno shosho, yaani bibi kizee, na halikumkasirisha. Lilimchosha tu.

Jumamosi alimwambia mumewe, "Baba Whitney, nataka jaketi. La kuzuia maji. Langu mwenyewe."

Tobias alikuwa amevua viatu. Alivitazama viatu, akavivaa tena.

Walikwenda polepole hadi soko la Mutindwa, wakipumzika mara mbili njiani. Kwenye kibanda cha majaketi walimkuta Nduta, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye alikuwa ameuza mitumba hapo miaka mingi na alijulikana kwa kukataa kuwauzia watu vitu visivyowafaa.

"Karibu mum. Unatafuta ya job ama ya kanisa?"

"Ya hospitali," alisema Jacklyne.

Nduta hakusema pole, na Jacklyne akamshukuru moyoni. Alisogeza stuli mbili tu, akauliza, "Hospitali ya kukaa ama ya kutembea?"

"Ya kulala masaa manne. Na kabla ya hapo, foleni."

Tobias alikaa, akaegemea nguzo. Baada ya dakika tano alikuwa amesinzia.

Nduta alishusha jaketi la njano, linalong'aa kama embe bivu. Jacklyne alilipenda kabla hajaligusa. "Usidanganywe na rangi," Nduta akasema, akaligeuza ndani nje. "Hii ni mpira mtupu. Maji ya nje hayaingii, lakini na jasho lako halitoki. Lisaa limoja tu, umelowa kutoka ndani."

La pili lilikuwa la buluu iliyokolea, limeshonwa vizuri kiunoni. Nduta alilikunja kama bakuli, akaweka karatasi ya shashi chini yake, akamimina maji ya chupa juu. Maji yalisimama kama shanga. Walingoja. Punde shashi ikaanza kulowa katikati.

"Hii ni ya kupigia picha," Nduta akasema, akalitupa upande.

La tatu lilikuwa la kijani kibichi kizito, rangi ya chupa, refu hadi nusu ya paja, na mishono yake yote imefunikwa kwa ndani na utepe mwembamba. Maji yalikaa juu yake mpaka Nduta akachoka kungoja, akayamwaga. Jacklyne alilivaa. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, nalo lilimkaa mabegani kama lililomsubiri. Kisha lastiki ya mkononi ikamgusa mkono wa kushoto, pale damu ilipokuwa ikivuma chini ya ngozi. Alilivua haraka, akakaa.

"Halifai," alisema. "Mkono ni mwembamba. Na wauguzi watafikaje kwenye mshipa?"

Tobias alikuwa ameamka. "Mama Whitney, jaketi ni jaketi. Chukua lile la njano twende nyumbani."

"Lile la njano utalivaa wewe?"

"Mvua haiulizi rangi."

"Wewe huwezi kujua. Wewe hulali pale. Wewe unakaa tu."

Nduta alijifanya anapanga majaketi upande wa pili. Tobias aliweka mikono juu ya magoti.

"Ninakaa tu," alisema hatimaye. "Kweli. Benchi lile nalijua kuliko kitanda changu. Mimi pia nimechoka, Aloo."

Hakuwa amemwita kwa jina hilo siku nyingi. Wala hakuwa amewahi kusema kwamba amechoka, hata usiku ule walipopewa majibu. Jacklyne alimtazama vizuri, akaona jinsi shingo ilivyokonda ndani ya kola ya shati. Akamshika mkono, na wakakaa hivyo kwenye stuli mbili kama watu wanaosubiri kuitwa.

Ni Tobias aliyenyoosha mkono na kulichukua lile jaketi la kijani. Aliushika mkono wa kushoto wa jaketi, akaugeuza geuza. "Hapa pakipasuliwa," alimwambia Nduta, "pakawekwa zipu, haiwezekani?"

"Hapo tumuulize Mumin," alisema Nduta.

Mumin alikuwa fundi cherehani wa vibanda vitatu mbele, mtu wa maneno machache. Alikipapasa kitambaa, akatikisa kichwa. "Mama, hiki si kama kitenge. Ukikitoboa hakirudi. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji."

"Kwa hiyo haiwezekani," alisema Jacklyne. Alikuwa tayari kurudi nyumbani.

"Sijasema hivyo. Nionyeshe mkono."

Alimwonyesha. Mumin hakushtuka kuona ule mshipa uliovimba, uliojipinda kama kamba chini ya ngozi. Aliuliza tu sindano zinaingia wapi, akaambiwa hapa na hapa, akaweka alama za chaki juu ya kitambaa. Zipu angeiweka upande wa ndani wa mkono, unaotazama mwili, ili mvua isiipige moja kwa moja. Ingeanza kifundoni, ipite kiwiko kwa shubiri moja. Juu yake angeshona ulimi wa kitambaa hicho hicho, na kwa ndani angebandika utepe kwa pasi ya moto mdogo. Lastiki angeiondoa kabisa, aweke kifungo cha kukaza na kulegeza. Alipoanza kazi hakutumia pini hata moja. Alibana pindo kwa vibanio vya kuanikia nguo.

"Njoo Alhamisi," alisema.

Tobias ndiye aliyelifuata. Alhamisi hiyo Jacklyne alitumia adhuhuri nzima mbele ya kioo cha kabati, akivaa na kupumzika, akivaa na kupumzika. Sketi ya buluu ilimfanya aonekane mfupi. Suruali nyeusi ilimfanya aonekane kama askari wa zamu. Alilala kidogo, akaamka, akajaribu suruali ya kijivu, na hiyo ikakubali. Buti zake za kahawia za enzi za ofisi zilikataa kuingia kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, kwa hiyo akachagua raba nyeusi, akazifuta mpaka zikawa safi. Tumbo nalo lilikuwa limejaa maji. Kamba ya kiunoni hakuikaza mbele, aliivuta nyuma tu, ili jaketi lishike umbo mgongoni na mbele lianguke lenyewe. Shingoni aliweka skafu ya rangi ya haradali. Leso alizikunja, akazirudisha kabatini. Kisha akalala tena, maana alikuwa hoi.

Ijumaa mvua ilinyesha kama ilivyotarajiwa. Kwenye wodi ya mashine, Sista Shirleen alimwambia alivue kwanza, apimwe uzito. Kila kilo ina maana pale, na nguo nzito huharibu hesabu ya maji. Jacklyne alilivua, akapanda mizani kwa blauzi, akalivaa tena upesi. Alipolala, Shirleen alitafuta namna ya kuukunja ule mkono, hakuona. Jacklyne akamwonyesha ulimi wa kitambaa. Zipu ikafunguka hadi juu ya kiwiko, mshipa ukawa wazi, na sehemu nyingine yote ya mwili ikabaki imefunikwa.

"Alaa! Nani amekutengenezea hii?"

"Fundi wa Mutindwa."

"Na limekupendeza, mama. Nilidhani ni mgeni amekuja kumwona mtu."

Sindano zilimuuma kama kawaida. Shinikizo la damu lilishuka saa ya tatu kama kawaida, kichwa kikawa chepesi, na miguu ikakakamaa. Jaketi halikuweza lolote juu ya hayo. Lakini hakutetemeka. Alilala saa nzima bila kuota kitu.

Alipotoka alimkuta Tobias kwenye benchi. Asubuhi alikuwa amemwinulia mkewe mwavuli njia yote, kwa mazoea, ingawa safari hii mkewe hakuuhitaji. Koti lake la suti, lile alilolivaa ofisini miaka ya mwisho, lilikuwa bado limelowa bega zima la kulia, na lilinuka sufi mbichi.

"Kesho," Jacklyne alimwambia, "uende kwa Nduta peke yako. Ukanunue na wewe."

"Mimi sina haja."

"Ukipatwa na kichomi, nani atakaa kwenye benchi?"

Alikwenda. Jumamosi saa nane mchana alirudi na jaketi jeusi, la mtindo wa vijana, lenye mifuko kifuani. Alisimama mlangoni mwa chumba, koti la suti ndani, jaketi juu yake, akajigeuza mara moja kama mtu asiyetaka kuonekana anajigeuza.

Jacklyne alimwangalia akiwa amelala, kichwa juu ya mito miwili.

"Ni fupi."

"Nduta pia amesema. Mimi nikamwambia linatosha."

"Koti linachungulia kwa chini. Maji yatashuka mpaka hapo, koti liyanywe. Rudi uchukue linalopita koti kwa vidole vinne. Na lisiwe jeusi, nyeusi unayo ya mazishi."

Tobias alishusha pumzi ndefu. "Niende wiki ijayo basi."

"Nenda leo. Kesho kanisani, na Jumatatu mimi sitakuwa na nguvu ya kukuangalia."

Alisimama kidogo, akalivua jaketi, akalikunja vizuri zaidi ya lilivyohitaji.

"Rangi gani?" aliuliza.

Jacklyne alifikiri. Alifumba macho kuiona vizuri, mabega yale yaliyoinama, mvi zile, viatu vyake vya kahawia.

"Rangi ya kahawa," alisema. "Isiyo na maziwa."

Alimsikia akitafuta funguo sebuleni, kisha geti likafungwa. Alijigeuza ubavu wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa juu ya mto, na usingizi ukamchukua kabla mumewe hajafika barabarani.