Izime, Uiwashe
Mume wangu hana kazi tangu kiwanda kifungwe, lakini mtaani wanamwita Injinia, naye anaitika bila aibu. Mwaka jana aliiwekea kompyuta yetu mfumo wa Linux ili tuachane na virusi, na tangu hapo haambiliki.

Siku ile nilikuwa na fomu moja tu ya kutuma. Mimi ni muuguzi. Miaka sita nimeomba kwenda kusomea ukunga, na safari hii metroni, mkuu wetu wa wauguzi, alikuwa ametia saini. Fomu ilitakiwa iskaniwe, maana picha za simu hawazitaki, kisha itumwe kwenye tovuti ya chuo kabla ya saa kumi jioni. Mwakani nitakuwa nimevuka umri wanaoutaka. Mume wangu nilimwambia ni leo tu. Saa sikumtajia, nisimtie presha.

Asubuhi nikachukua mkoba niende steshenari ya kona. Akanidaka mlangoni.

"Mama watoto, unaenda kuskani kwa watu na sisi tuna mashine ndani?"

Boksi la mashine yetu lilisema inaprinti, inatoa kopi na inaskani. Kwetu ilikuwa inaprinti, basi. Lakini tangu kiwanda kifungwe hakuna mtu aliyemwomba kitu mume wangu, na alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea fomu. Nikaweka mkoba chini. Nampenda, na hilo ndilo tatizo langu.

Kompyuta ikamwambia hakuna skana. Akatafuta maelekezo mtandaoni, akayaprinti kwa mashine ile ile, kurasa kumi na moja, na ikazitema zote bila kusita. Nilitamani kuipiga teke. Saa saba akapiga ukelele: ameligundua tatizo, skana inamtambua msimamizi wa kompyuta peke yake, yeye hajapewa ruhusa. Akaandika amri ya kujipa ruhusa. Akajaribu. Hakuna skana.

"Si uizime, uiwashe tena?" nikasema.

Akacheka mpaka akafuta macho. "Hii ni Linux, mke wangu. Ina siku arobaini haijazimwa. Hayo ya kuzima-zima waachie wengine."

Zile siku alizihesabu kama mtu anayehesabu siku za mtoto mchanga.

Saa nane akafuta programu, akairudisha. Saa tisa akabadilisha waya. Saa tisa na nusu nikashika mkoba tena. Steshenari ni mwendo wa dakika kumi.

"Dakika tano tu," akasema bila kugeuka, shati limemlowa mgongoni.

Nikakaa. Nilijichukia, lakini nikakaa.

Saa kumi ikapita. Dakika ishirini baadaye alikuwa anaandika amri ile ile kwa mara ya sijui ngapi, hasira zikanipanda, nikachomoa waya wa umeme ukutani. Betri ya kompyuta ile ilikufa zamani. Kioo kikawa cheusi.

"Umeniua," akasema taratibu.

Akaiwasha upya. Akafungua programu ya kuskani kwa mazoea tu, na skana ikajitokeza. Ruhusa aliyojipa saa saba ilikuwa inangoja kompyuta izimwe. Taa ikapita chini ya kifuniko, na fomu yangu ikaonekana kwenye kioo, safi, saini ya metroni inasomeka herufi kwa herufi.

Injinia akaruka juu, akanikumbatia. Sijamwona akicheka hivyo tangu kiwanda kifungwe.

"Haya, tuma! Tuma haraka!"

Akanipisha kwenye kiti, akatoka kwenda kumsimulia jirani. Nikafungua tovuti ya chuo. Maombi yamefungwa. Nikaitazama ile fomu kidogo, kisha nikaufunga ukurasa.

"Imekwenda?" akauliza kutoka mlangoni.

"Imekwenda."

"Si nilikwambia?"

Kila jioni nikirudi kazini ananiuliza kama chuo wamejibu. Nasema bado.

"Basi ni uzembe wao," ananiambia. "Skani ilikuwa safi."

"Ndiyo, baba," namjibu. "Ilikuwa safi."