Pindo la Delbert

Jumanne asubuhi Lorinda Manygoats alifungua zizi akakuta kondoo jike mwenye mkato wa pembetatu sikioni hayupo. Hakukuwa na damu wala nyayo za mbweha. Alimaliza kuwalisha waliobaki, akaingia ndani kumwambia mama yake.

"Delbert amemchora," alisema Bi Desbah, mikono ikiwa bado kwenye kitanda cha kufumia mablanketi. "Mwache. Mjini kuna upweke."

Delbert alikuwa mdogo wake Lorinda, mchoraji, aliyehamia mji wa Gallup miaka tisa iliyopita na sasa alisifiwa hadi magazetini. Alichokichora kwa kumbukumbu kilitoweka nyumbani, kikamfuata ndani ya picha. Februari aliuchora mti wa mreteni uliofungiwa kamba ya nguo nyuma ya nyumba, na tangu hapo Lorinda alianika nguo kwenye uzio. Aprili alimchora farasi wa kijivu. Majirani pale kijijini Lukachukai walilizoea jambo hilo kama walivyoizoea barabara mbovu.

Lorinda hakulizoea. Hakuwa akililia mreteni wala farasi. Roho ilimuuma kwa sababu yeye hakuchorwa. Miaka tisa alichunga, alikata manyoya, alimkanda mama miguu, na Delbert akakumbuka hata mkato wa sikio la kondoo. Mkato wenyewe ulikuwa alama ya Lorinda.

"Labda haijafika zamu yako," binamu yake Ruthie alimtania walipokuwa wakikaanga mkate. "Uso wako huo, bibi wee, unataka rangi ndoo nzima."

"Kafie mbele na ndoo yako," alisema Lorinda, na hakucheka.

Septemba nyumba ya magogo, zizi zima, kitanda cha kufumia na Bi Desbah viliondoka kwa pamoja. Lorinda alibaki amesimama uwanjani na mkasi wa manyoya mkononi. Alitazama huku na huku, akaingia kwenye pikapu, akaendesha hadi Gallup.

Picha ilikuwa imetundikwa katika duka la sanaa, imejaa ukuta mzima. Humo ndani ya picha mama yake alikuwa mlangoni pa nyumba anafuma. Kondoo walilia kwa kiu, maana kijito cha Delbert kilikuwa rangi tupu. Pande zote nne, picha ilizungukwa na pindo jeusi lisilo na mwanya.

Lorinda aliliona kosa mara moja. Mama aliwafundisha wote wawili: ukifuma pindo, acha uzi mmoja wa rangi nyingine upenye hadi nje, mawazo ya mfumaji yasije yakafungiwa humo. Lorinda alisikiliza. Delbert alikuwa sakafuni akichorachora kwa mkaa, na mama alisema yote yale akimtazama yeye.

"Mdogo wangu, umesahau kuacha njia," alimwambia.

"Dada, wanunuzi wanapenda pindo zima."

"Na mimi mbona simo?"

Delbert alifikiri kwa dhati. "Mimi nachora ninachokiona nikifumba macho. Wewe ulikuwa unapitapita tu, dada."

Lorinda alichukua ule mkasi, akaazima ngazi ya duka, akakwangua njia nyembamba kwenye pindo, kona ya juu, akapenya kiubavu hadi kwa mama yake.

"Twende nyumbani, mama."

"Nyumbani si ndiyo hapa?" alisema Bi Desbah. "Na Delbert napata kumwona kila siku. Ila maji hakuna. Hebu kalete."

Lorinda akaleta. Aliendelea kuleta kila asubuhi, maji na majani makavu, akipanda na kushuka ngazi. Wageni walisema kondoo wa Delbert wamenona, kwamba mkono wake unatia vitu uhai. Delbert alishukuru kwa unyenyekevu.

Majira ya baridi picha ilipata tuzo ya kwanza. Watu walifurika dukani. Delbert alisimama mbele yao na utepe kifuani, na Lorinda alikuwa ndani akimimina maji. Mpiga picha alipoinua kamera, Lorinda alijifuta mikono, akanyoosha sketi, akainua uso. Hii ilikuwa nafasi yake, na aliitaka kwa kijicho cha miaka yote ile.

"Lorinda," mama aliita.

Aligeuka upesi. Bi Desbah alikuwa akimwelekeza pembeni kwa kuchomoza midomo.

"Sogea kidogo, mwanangu. Unanizibia, namtazama mdogo wako."

Lorinda alisogea, na picha ikapigwa bila yeye.