Jumamosi za Fundi Friji

Mtaani walimwita Fundi Friji, na hata mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika. Kutwa alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji za watu, shati limemganda mgongoni, huku mwenye nyumba amemsimamia kichwani akiuliza kama bado tu. Alikuwa mpole, hanywi, havuti, harudi nyumbani na makuu. Mkewe alijiona mwenye bahati, mpaka yalipoanza mambo ya Jumamosi.

Kila Jumamosi isiyokuwa na kazi, Fundi aliamka mapema, akapiga shati pasi, akajaza chupa ya maji, akawasha pikapu yake na kuondoka. Akiulizwa anakwenda wapi, alijibu, "Natembea tu kidogo." Alirudi jioni viatu vimejaa vumbi, uso umetulia kama wa mtu aliyelala akashiba usingizi. Mume anayerudi amechoka hana neno, mkewe alijisemea. Anayerudi ametulia namna hii, basi kuna mtu anayemtuliza.

Mkewe alikuwa mwalimu wa watoto wa chekechea, mtu wa subira. Alipekua mifuko ya suruali, akakuta kipande cha kigae cha buluu na msumari wenye kutu. Alivigeuza, akavinusa hata, havikumwambia kitu. Usingizi ukamruka. Darasani alianza kuwachanganya watoto majina. Mwishowe akamweleza mama yake.

Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mpana, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa. Hakumpa mwanawe pole.

"Jumamosi hii nakwenda naye," alisema.

"Utamwambiaje, Mama?"

"Nitamwambia nakwenda naye."

Ikawa hivyo. Jumamosi Fundi alipotoka nje na chupa yake, alimkuta mama mkwe ameshaketi kiti cha mbele cha pikapu, mkoba mapajani, mkanda umefungwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo na mimi natembea kidogo."

Fundi akatupa jicho dirisha la chumbani. Pazia lilitikisika. Akapanda, akatia gari moto.

Waliiacha lami, wakaingia barabara ya changarawe. Mama mkwe alikuwa akitazama kila njia ya kuchepuka, kana kwamba mwanamke angechomoza huko akipunga mkono. Baadaye wakafika kwenye mji mdogo ambao wote ulikuwa mtaa mmoja: duka la dawa, fundi cherehani aliyekaa barazani na futi shingoni, na kinyozi aliyechora ukutani kichwa cha mteja, sikio moja juu, moja chini. Fundi akasimamisha gari mbele ya mgahawa.

Mwenye mgahawa alikuwa mwanamke wa makamo, vishimo mashavuni. Alileta glasi ya chai ya Fundi kabla hajaagizwa. Mama mkwe akaiona glasi, akamwona na mletaji, akampima kutoka kichwani mpaka vidoleni.

"Naona leo umekuja na mgeni," mwanamke alimwambia Fundi.

"Anakuja hapa sana, huyu?" mama mkwe aliuliza.

"Mara kwa mara. Anakunywa chai yake, anaelekea kule kwenye magofu. Sisi tunamwita Bwana Magofu. Mume wangu mwanzoni alidhani anatafuta madini."

"Kumbe una mume."

"Yule pale anayekaanga."

Mwanamume aliyekuwa kwenye karai akainua upawa kuwasalimu. Mama mkwe akanywa chai yake, lakini roho yake haikutulia. Magofu nayo yana vyumba, aliwaza.

Magofu yenyewe yalikuwa mwendo mfupi kutoka hapo. Zamani palikuwa mji wa reli. Treni za moshi zilisimama kunywa maji na kupakia makaa, madereva wakalala, wake zao wakaja, pakajengwa shule, zahanati, kiwanda cha mikate na kiwanda cha barafu. Kisha zikaja injini zisizohitaji maji. Treni zikawa zinapita bila kusimama, halafu zikaacha kupita kabisa, na reli ikang'olewa. Watu waliondoka na madirisha, milango na mabati yao. Kilichobaki ni kile kisichobebeka: ngazi za mawe, mabafu ya saruji, tanuri, na njia za miguu zilizokuwa bado zinaonekana katikati ya nyasi.

Mama mkwe alishuka, akasimama katikati ya barabara kuu, akazungusha macho. Alitafuta moshi wa jiko au nguo kwenye kamba. Hakuona ila mijusi.

"Haya," alisema. "Sasa?"

"Sasa basi, Mama. Tunaangalia."

"Tunaangalia nini?"

Fundi alikuna shingo. Alikuwa hajawahi kumweleza mtu. Akampeleka stesheni, akamwonyesha dirisha la tiketi. Kizingiti chake cha jiwe kilikuwa kimebonyea pande mbili.

"Viwiko hivi, Mama. Watu waliegemea hapa wakiulizia treni, mpaka jiwe likalika."

Mama mkwe akaweka viwiko vyake. Vikakaa sawasawa. Akaviondoa haraka, kama aliyekaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

Wakaendelea. Fundi alimwonyesha chumba chenye kivuli cha kitanda ukutani, pale ambapo rangi haikupauka, na karibu na kivuli hicho michoro ya kalamu ya nta, chini kabisa, mahali ambapo mtoto aliyelala angefikia kwa mkono. Akamwonyesha bafu la vigae vya buluu. Mama mkwe akakumbuka kigae alichosimuliwa na binti yake. Kidogo kidogo akaanza kutangulia yeye. Alichungulia jikoni na kusema mwenye jiko hili alikuwa mrefu. Alihesabu hatua chache kati ya nyumba mbili zilizotazamana mlango kwa mlango, akasema kwa ukaribu huo lazima waliokaa hapa walikuwa hawaongei.

Walipofika zahanati, alisimama mlangoni mwa chumba cha mwisho. Palikuwa na sinki, alama za miguu ya kitanda sakafuni, na kwenye boriti ilining'inia ndoano.

"Hiki ni chumba cha kujifungulia," alisema kwa sauti ndogo. "Hapo walitundika mizani ya watoto. Kitanda walikiweka vibaya, miguu ya mzazi imeelekea mlangoni. Ningekuwapo ningewageuzia." Akaingia ndani. "Wewe nenda zako, nitakuita. Watu wamezaliwa humu, mwanangu. Sijui leo wakiulizwa kwao wapi wanajibu nini."

Fundi akamwacha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha barafu, mahali alipopapenda kuliko pote. Mitambo ilishachukuliwa, ila chumba cha baridi kilibaki, kuta nene, mlango wa mbao uliofunikwa bati, mzito kama wa ghala la serikali. Siku zote alikuwa akiuwekea mlango ule jiwe kabla ya kuingia. Siku hiyo akili ilikuwa kwa mama mkwe: atamwambia nini mkewe, na je, amechukia au amefurahi. Akapita bila kuweka jiwe. Alikuwa ameinama akishika mabomba ya zamani ukutani pale upepo ulipousukuma mlango. Akasikia kishindo, kisha mlio wa chuma kikiangukia mahali pake upande wa nje.

Aliusukuma. Haukutikisika. Akaupiga bega, akaupiga teke. Akaita, sauti ikamrudia puani. Kuta zile zilijengwa zisipitishe hata joto, sembuse sauti ya mtu. Simu haikuwa na mtandao. Mwanga pekee uliingia kwenye tundu la bomba, mwembamba kama kidole. Hewa ilikuwapo, alilijua hilo kwa kazi yake, lakini kifua hakikutaka kuamini.

Mama mkwe alipotoka zahanati, aliita mara moja, akaita tena. Kimya. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa lile alilokuja nalo. Ahaa, aliwaza. Amenipumbaza na viwiko na vigae, kisha amechopoka. Akaenda mpaka kwenye pikapu kwa hatua za mtu anayekwenda kufumania. Pikapu ilikuwa palepale, milango imefungwa. Juu ya kiti ilionekana chupa yake ya maji.

Hapo hasira ikamtoka, ikaingia hofu. Alikumbuka sakafu zilizooza, kisima kisicho na mfuniko nyuma ya shule. Akaanza kupita nyumba hadi nyumba akiita, kwanza "Mkwe," halafu "Mwanangu," halafu "Baba." Akilini alimwona binti yake amesimama mlangoni akimsubiri, na yeye anashuka kwenye gari la mtu mwingine, peke yake. Bora nimkute na huyo mwanamke, alijisemea, hata wawili, ilimradi yuko mzima.

Ndipo aliposikia kitu. Si sauti ya mtu, ni mwangwi tu, chuma kikigonga chuma. Alikuwa amesikiliza mioyo ya watoto matumboni mwa mama zao miaka yote ya kazi yake, kwa hiyo alijua kusimama na kusubiri. Kikagonga tena. Akafuata mpaka kwenye bomba lililotokeza ukutani mwa kiwanda, akainama, akaweka sikio.

"Mwanangu?"

"Mama." Sauti ilitoka kwenye tundu pembeni ya bomba, nyembamba, inatetemeka. "Niko ndani. Mlango umejifunga."

"Umeumia?"

"Hapana. Komeo liko upande wako. Chuma kirefu, kinainuliwa juu."

Akazunguka, akaingia, akaupata mlango. Komeo alilikamata kwa mikono miwili, halikupanda. Ndani Fundi alikuwa ameshamsikia, anasukuma kwa nguvu zote, anagonga kama mtu anayezama.

Mama mkwe akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Usisukume," alisema, kwa sauti iliyotuliza wanawake wengi. "Ukisukuma sasa unanibania. Acha kabisa. Pumua. Vuta ndani, toa polepole. Tena."

Kugonga kukakoma. Akaokota jiwe, akaligonga komeo kutoka chini, kutu ikamwagika, komeo likaruka.

"Sasa. Sukuma."

Mlango ulifunguka upana wa kiganja, ukakwama kwenye kifusi cha chokaa kilichodondoka ulipojifunga.

"Pumzika. Usimalize nguvu. Haya, nikikwambia. Sukuma, sukuma, usiachie, usiachie. Vizuri. Kichwa nakiona. Geuka ubavu, toa bega moja kwanza. Hivyo hivyo, baba, unaendelea vizuri."

Akamshika kwapani, akamvuta. Fundi akateleza nje, akamwangukia, wakaenda chini wote wawili, mkwe na mama mkwe, juu ya vumbi la chokaa. Siku nyingine yoyote wangekufa kwa haya. Mama mkwe alikuwa anamkung'uta mgongoni bila kujua, kama anayetaka mtoto mchanga alie.

Walitoka nje, wakakaa kwenye ngazi. Mama mkwe akachukua ufunguo, akaifuata chupa ya maji garini, akamfungulia.

"Nikwambie kilichonileta," alisema. "Mwanangu alidhani una mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa kike."

Fundi alimtazama, akatazama nyumba zisizo na paa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka maji yakampalia. "Mama, ningempata wapi wa kukubali kukaa hapa?"

"Basi sema unafuata nini. Na kwa nini unaficha."

Fundi akaweka chupa chini. "Niliona aibu. Mtu mzima kwenda kutazama nyumba tupu. Ila wiki nzima niko kwenye majiko ya watu, kila mtu ananiharakisha, kila mtu chakula chake kinaoza. Huku hakuna kilichobaki cha kuoza. Natembea, nawawazia waliokuwa wanakaa, najiuliza nani aligombana na nani. Halafu nikirudi nyumbani nikikuta taa inawaka na mtu yumo ndani, naona kama nimezawadiwa."

"Hayo uliwahi kumwambia?"

"Hapana."

"Utamwambia leo. Mimi nitakuwa nimekaa pale nasikiliza."

Njia nzima ya kurudi mama mkwe aliongea yeye. Aliuliza kama kuna mji mwingine wa namna hii, na kama huko zahanati yake ilikuwa kubwa zaidi. Alisema Jumamosi ijayo atavaa raba.

Binti alikuwa amekaa kibarazani walipofika, jua bado halijazama, kikapu cha madaftari ya watoto miguuni pake, hajasahihisha hata moja. Akawaona wote wawili weupe kwa chokaa kuanzia nywele mpaka viatu.

"Hakuna mwanamke," mama yake alisema kabla hata ya kufunga mlango wa gari. "Kuna nyumba, mama, nyumba tupu, na mumeo ana akili timamu, kiasi. Amejifungia kwenye chumba cha barafu nikamzalisha. Mengine atakwambia mwenyewe."

Fundi akamweleza palepale, amesimama, mikono mfukoni. Alikosea kosea maneno. Alipofika kwenye taa na mtu aliyemo ndani, akashindwa kumalizia, na mama mkwe, aliyeahidi kusikiliza tu, akamalizia kwa niaba yake.

Mkewe alimfuta chokaa kwenye nyusi kwa kidole gumba, upande mmoja, kisha wa pili. "Mjinga wewe," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshalegea. Akaingia ndani akisema anawawekea maji ya kuoga.

Maji hayakuja. Walipomfuata walimkuta kwenye kochi, ameinama ubavu, kandambili bado miguuni, anakoroma polepole. Mama yake akamvua kandambili. Fundi akaenda jikoni kubandika maji mwenyewe, anatembea kwa ncha za vidole ili asimwamshe.